Nyuzi Zilizosalimika



Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni profesa kueleza alichogundua. Mimi nitaanza na nilichokosea.

Nikiwa mwaka wa pili wa uzamivu, usiku mmoja niliona chini ya hadubini uzi mwekundu ukimetameta ng'ambo ya jeraha la panya. Panya yule nilikuwa nimemkata nusu ya juu ya ugwe wa mgongo, nikampa dawa tuliyokuwa tukiijaribu, kisha nikadunga rangi ubongoni ili ishuke ndani ya nyuzi za neva na kunionyesha zimefika wapi. Zimevuka! Nilimpigia simu msimamizi wangu, akaja amevaa kandambili. Hakuutazama uzi ulipofikia. Aliniuliza swali moja: "Umepita wapi?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa siku tatu tukipitia vipande vyote vya ugwe ule, kimoja kimoja. Kwa panya, njia kuu inayoshusha amri za ubongo hupita chini kabisa ya ile nusu niliyodhani nimeimaliza. Wembe wangu haukufika. Ulikuwa umebaki utepe mwembamba, mwembamba kuliko unywele, na uzi wangu ulipita humo. Haukuota. Haukuwahi kukatwa.

Baadaye nikagundua kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2003 Oswald Steward na wenzake walichapisha makala nzima juu ya kosa hili, wakaliita ufufuo wa uongo, na kutaja ishara ambazo mtafiti azitafute kabla hajatangaza kwamba neva imeota upya. Uzi ulioota huenda kwa kupindapinda kama mzabibu usio na kichanja. Ule ulionyooka vizuri, ukifuata njia yake ya zamani, utilie shaka.

Sasa tuelewane kuhusu jina. Kiswahili cha kila siku husema "uti wa mgongo" kwa vitu viwili: pingili za mfupa, na ule mshipa laini uliolindwa ndani yake. Huu wa pili nitauita ugwe, kwa sababu ugwe ni kamba nyembamba, na ndivyo ulivyo. Kwa mtu mzima una urefu wa sentimita 45 hivi, unene wa kidole kidogo, na unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiunoni. Nimeushika: ni laini kama nyama ya dafu. Tunaposikia fulani "amekatika uti", aghalabu ugwe haukukatika. Umepondwa. Mfupa umeteguka ukauminya, damu imevuja, uvimbe ukafuata, na kwa siku na wiki zinazofuata seli zilizonusurika ajali zinaendelea kufa kwa sumu ya majirani zao. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 15 wanaoishi na majeraha haya.

Kwa nini hauponi? Ukijikata kiganja mpaka neva, neva ile ikishonwa huota, kiasi cha milimita moja kwa siku. Ugwe hauoti. Mhispania Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1906 pamoja na Camillo Golgi, aliona nyuzi za ugwe zikichipua kidogo kwenye jeraha kisha zikinywea, akaamua kwamba kwa mtu mzima njia hizi zimefungwa. Watu wengi waliishia hapo. Lakini katika maabara yake mwenyewe, mwaka 1911, mwanafunzi wake Francisco Tello alipandikiza kipande cha neva ya mguu ndani ya ubongo wa sungura, na nyuzi za ubongo zikaonekana kuingia humo. Jambo hilo likalala miaka sabini. Siwalaumu waliolilaza: hapakuwa na njia ya kuthibitisha nyuzi zile zimetoka wapi. Swali lile lile la msimamizi wangu.

Njia ilipatikana, na ajabu ni kwamba ilitoka shambani: kimeng'enya cha mzizi fulani mkali ambao Wazungu huukwangua wakala na nyama. Kikiwekwa kwenye ncha ya uzi wa neva, husafirishwa kurudi nyuma mpaka kwenye mwili wa seli, na hapo unaweza kukitia rangi. Mwaka 1981, huko Montreal, Samuel David na Albert Aguayo walichukua neva ya paja la panya, wakachomeka ncha moja kwenye sehemu ya chini ya ubongo na nyingine kwenye ugwe, ikipita nje ya mfupa, kama daraja la kamba juu ya korongo. Walipofuatilia rangi, waliona seli za ubongo na za ugwe zimetuma nyuzi ndani ya daraja umbali wa milimita 30 hivi. Seli zile zile zilizosemekana haziwezi! Ila zilipofika mwisho wa daraja na kutakiwa kuingia tena kwenye ugwe, zilisimama baada ya hatua chache.

Mkulima atauelewa mara moja ugunduzi huu. Mche hauna ubaya. Tatizo liko kwenye udongo. Mjini Zürich, Martin Schwab aliusaka ubaya huo wa udongo na kuukuta kwenye mielini, ala ya mafuta inayozizunguka nyuzi za ubongo na ugwe. Ndani yake mna protini inayozizuia nyuzi kukua. Mwaka 1990, akiwa na Lisa Schnell, aliripoti kwamba panya wachanga waliopewa kingamwili ya kuziba protini ile walikuwa na nyuzi zilizokwenda milimita 7 hadi 11 kupita jeraha, wakati kwa wenzao zilikuwa nadra kuvuka milimita moja. Protini ilipotambuliwa kikamilifu mwaka 2000 iliitwa Nogo, yaani hakuna kupita.

Kutoka panya wale hadi jibu la majaribio makubwa kwa binadamu imechukua zaidi ya miaka 30. Majaribio hayo ya kingamwili ya kuziba Nogo, kwa watu walioumia shingo, katika hospitali za nchi kadhaa za Ulaya, yalitoa matokeo mwaka 2024: kwa kipimo kikuu kilichokuwa kimewekwa, nguvu za mikono, waliopata dawa hawakuwazidi waliopata sindano isiyo na dawa. Niliisoma ripoti ile asubuhi moja, nikafunga kompyuta, nikaenda kunywa chai.

Sasa linganisheni na kazi iliyofanywa mjini Lausanne. Kundi la Grégoire Courtine na daktari wa upasuaji Jocelyne Bloch halikujaribu kuotesha kitu. Waliweka elektrodi juu ya utando wa ugwe, chini ya jeraha, na kuzichochea neva za miguu kwa mpangilio wa hatua. Mwaka 2018 waliripoti juu ya wanaume watatu walioumia miaka kadhaa nyuma ambao walitembea kwa msaada wa umeme ule. Baada ya miezi ya mazoezi, wakaanza kusogeza miguu hata umeme ukiwa umezimwa. Iliwezekanaje? Ugwe wao haukuwa umekwisha wote. Zilibaki nyuzi chache, dhaifu mno kuamrisha mguu peke yake, lakini zenye uwezo wa kusikika ukizipazia sauti.

Utepe ule ulioniaibisha mimi kwenye hadubini, kwa wale wanaume ndio uliowapa hatua. Wenye utepe kama huo si wachache: Byron Kakulas wa Perth, Australia, aliyechunguza ugwe wa marehemu wengi, alikuta kwamba hata kwa watu waliohesabiwa kuwa wamepooza kabisa, mara nyingi kuna nyuzi zinazopita jeraha. Ndiyo maana hasira hunipanda nikiona majeruhi wa bodaboda amebebwa mikono na miguu kama gunia na kutupwa nyuma ya pikapu. Uzi uliosalimika barabarani unamalizikia hapo.

Na ndiyo maana nina kosa la pili la kuungama, la zamani kuliko lile la panya. Nikiwa mwanafunzi wa udaktari, tulipokea mkwezi aliyeanguka kutoka kwenye mnazi. Tulimpima kwa pini, kutoka vidole vya mguu kupanda juu. Alianza kuhisi kwenye kitovu. Kilibaki kipimo cha mwisho. Wazee mniwie radhi: ni kidole cha daktari kwenye njia ya haja kubwa, kwa kuwa neva za mwisho kabisa za ugwe huhudumia pale, na mgonjwa akikihisi kidole, jeraha si kamili. Mzee yule alikuwa rika la baba yangu. Tuliona haya. Tukaandika kwenye faili: kamili.

Neno lile lina uzito. Mgonjwa "kamili" hupata mazoezi machache, na nduguze huambiwa wajiandae. Wiki tatu baadaye muuguzi alikuwa akimbadilishia mpira wa mkojo, akamsikia anasema, "Taratibu, sista." Muuguzi akasimama. Akauvuta tena kidogo, mzee akakunja uso. Alikuja kututafuta kantini, hakuketi, akatuuliza ni nani aliyempima mgonjwa wa kitanda cha dirishani.

Na kuhisi huko si jambo dogo kwa mgonjwa. Kim Anderson, mtafiti wa Marekani ambaye naye huishi na jeraha la ugwe, mwaka 2004 alichapisha majibu ya watu 681 aliowauliza wangependa kurudishiwa nini kwanza. Waliopooza mikono na miguu walitaka mikono. Waliopooza miguu tu walitaja zaidi tendo la ndoa. Kibofu na haja kubwa vilikuwa juu kwa wote. Kutembea, ambako sisi wa maabara hupenda kukuonyesha kwenye video, hakukuongoza popote.

Mkwezi alirudi kliniki baada ya miezi mitano, bado yumo kwenye kiti cha magurudumu. Nilimuuliza habari za miguu, akaipuuza kwa mkono. Alichotaka nijue ni kwamba mpira ameuacha, na kwamba njiani alimwambia konda asimamishe basi, akashushwa, akachimba dawa kama abiria wengine.