Hewa Katika Breki za Gari Kuukuu

Leo twataka kuzungumza habari za hewa iingiayo katika breki za gari kuukuu, hasa Land Rover ya zamani. Gari la namna hii lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili, 1948, na magari mengi yaliyotengenezwa katika miaka iliyofuata yangali yakitembea hata leo.

Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji ilikwenda kwa miguu ya wapagazi, na mpagazi aliyechoka aliweza kutua mzigo wake akapumzika. Gari halina hiari hiyo. Likianza kuteremka na mzigo, tumaini lake kubwa ni breki. Sisi tukaao Lusu na sehemu nyingine za Nzega twajua kwamba barabara ya kwenda Singida hupita Igunga na Shelui, kisha hupanda mlima wa Sekenke. Atakayeuteremka mlima huo kwa breki mbovu ahatarisha roho yake na roho za abiria wake.

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi breki hizi zifanyavyo kazi. Dereva akikanyaga pedali, silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, husukuma mafuta ya breki katika mabomba membamba hata kwenye magurudumu yote manne. Huko mafuta husukuma breki shuu, nazo hubana dramu ya gurudumu. Kanuni ya nguvu hii, kwamba maji yaliyofungiwa huipeleka nguvu pande zote sawasawa, ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 hata 1662.

Wanafunzi waweza kulijaribu jambo hili kwa pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma: hewa iliyomo hujikunja, na ukiachilia hurudi. Kama ndani mngejaa maji badala ya hewa, mkono wako usingekwenda mbele hata kidogo. Ndivyo ilivyo katika breki. Mafuta hayajikunji, lakini hewa hujikunja. Basi nguvu ya mguu hupotea katika kuikunja hewa, na gurudumu halishikwi.

Sasa, tutajuaje kama ni hewa? Simamisha gari mahali pa tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, kisha kanyaga pedali. Ikiwa pedali ni laini, yarudisha mguu kama mpira, hiyo ni dalili ya hewa. Ikiwa yashuka chini sana, lakini ukikanyaga mara ya pili yapanda na kuwa ngumu kama jiwe, huenda breki shuu zimekuwa mbali na dramu, nazo zataka kukazwa kwa skrubu iliyo upande wa ndani wa gurudumu. Na ikiwa yasimama imara, kisha yazama polepole chini ya mguu uliotulia, basi mafuta yavuja mahali fulani, au mipira ya silinda kuu imekwisha.

Madereva wengine hupiga pedali mara nyingi mpaka ipande, wakaendelea na safari. Desturi hii ni mbaya, kwa maana huficha ugonjwa wala haiuponyi. Hewa haiingii bila mlango. Na katika Land Rover za kwanza magurudumu yote manne hupata mafuta kwa njia moja tu. Kwa hiyo bomba moja likipasuka, breki za mguu hupotea zote. Ni kweli kwamba breki ya mkono hutumia vyuma, nayo hushika shafti ya nyuma, lakini haikuwekwa ili kusimamisha gari liendalo mbio.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hewa, tafuta mlango wake. Tazama kopo la mafuta: je, yamepungua? Tazama upande wa ndani wa kila gurudumu, mipira ya breki, viungo vya mabomba, na silinda kuu. Panapolowa ndipo pa kutengenezwa kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ufa ukiisha kuzibwa, kazi ya kutoa hewa hufanywa na watu wawili. Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Vikeni mpira mwembamba juu ya skrubu ya kutolea hewa, na ncha yake izame katika mafuta safi ndani ya chupa. Mmoja akanyage pedali polepole. Mwenziwe afungue skrubu, atazame mapovu yakitoka, kisha aifunge kabla mguu haujainuliwa. Rudieni hivyo mpaka mapovu yakome, halafu mwende gurudumu jingine. Jazeni kopo mara kwa mara, kwa maana likikauka hewa huingia tena, na kazi yote huwa bure.

Neno la mwisho ni juu ya jina. Twasema mafuta ya breki, lakini haya si mafuta kama yale ya injini. Mafuta ya injini huvimbisha mipira ya breki na kuiharibu. Wala usiyarudishe katika kopo yale yaliyotoka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani. Yakizeeka, joto la mteremko mrefu huweza kuyachemsha, na mvuke wake hujikunja kama hewa. Hapo breki iliyokuwa nzuri kileleni hukosekana kabla ya kufika chini.

Basi, dereva akisikia pedali laini, na asimame palepale, asingoje mlima umfundishe. Na abiria wasione haya kumwuliza.