Kalamu ya Mchoraji na Kalamu ya Mwizi



Mwizi wa kuku hukimbizwa na kijiji kizima. Mwizi wa mamilioni huvaa tai, hufunguliwa mlango wa gari, na aghalabu hupigiwa saluti. Katika nchi jirani ya Kenya, waliothubutu kumvua mwizi huyo joho lake mbele ya umma, kabla mahakama hazijamaliza kazi yake, ni wachora katuni wa magazeti.

Enzi ya chama kimoja, kuichora sura ya Rais lilikuwa jambo la hatari. Hofu hiyo ilipungua baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwishoni mwa mwaka 1991. Mwaka uliofuata gazeti la Daily Nation lilimwajiri Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, ajulikanaye kwa jina la Gado. Yeye na wenzake, kama Paul Kelemba aitwaye Maddo, waliwachora vigogo bila kuwastahi. Mkataba wa kurasa mia moja husomwa na wachache. Picha moja ya tajiri mwenye tumbo lililojaa fedha za umma humfikia hata asiyejua kusoma.

Wala hawakukosa la kuchora. Mapema katika miaka ya 1990, kampuni ya Goldenberg ililipwa fidia ya asilimia 35 kwa madai ya kuuza nje dhahabu na almasi, ilhali Kenya haikuwa na machimbo ya almasi. Karani wa Benki Kuu, David Munyakei, alipofichua nyaraka za wizi huo, alitiwa mbaroni na kupoteza kazi. Alifariki mwaka 2006 akiwa fukara.

Lakini kashfa inayowahusu zaidi wanaovaa sare ni ile ya Anglo Leasing. Kulikuwa na mikataba 18, mingi ikitajwa kuwa ya usalama: mfumo wa pasipoti, maabara ya polisi ya kuchunguza makosa ya jinai, na mitambo ya mawasiliano. Kazi ya pasipoti, ambayo kampuni ya Kifaransa ilikuwa tayari kuifanya kwa Euro milioni 6, ilitolewa kwa takriban Euro milioni 30. Aliyepewa alikuwa jina tu, lenye anwani katika mji wa Liverpool. Swali lilipoulizwa Bungeni mwaka 2004, baadhi ya fedha zilirudishwa kimyakimya.

Mwezi wa Julai mwaka huo, Balozi wa Uingereza, Edward Clay, alisema kuwa wakubwa walikula kwa ulafi hata wakawatapikia wafadhili viatuni. Dunia ilishtuka. Hata hivyo, wachoraji wa Kenya walikuwa wamekwisha kuuonyesha ulafi huo kwa miaka mingi, na hawakungoja ruhusa ya mgeni.

Ni vema askari atafakari jinsi wizi huo ulivyowezekana. Haukuhitaji bunduki wala giza la usiku. Ulihitaji mhuri wenye maneno matatu: siri ya usalama. Chini ya mhuri huo bei haikuulizwa, wala mali haikukaguliwa. Aliyeibiwa ni mlipa kodi, lakini aliibiwa pia polisi mpelelezi aliyeendelea kufanya kazi bila maabara aliyoahidiwa.

Tena, deni la karatasi halifi upesi. Mwaka 2014, Serikali ya Kenya ililazimika kulipa shilingi za Kenya bilioni 1.4 kwa kampuni mbili za mikataba hiyo, baada ya kushindwa kesi huko Ulaya.

Katuni haimtii mtu pingu. Hiyo ni kazi ya polisi, na hukumu ni ya mahakama. Ila katuni humfundisha askari wa zamu kumtazama anayempigia saluti, na kutambua kuwa heshima ya cheo haikuwekwa ili kufunika mkono unaoiba.

Siri ya taifa huwekwa ili adui asiijue nchi. Haikuwekwa kamwe ili nchi isimjue adui aliyemo ndani yake.