Safari ya Sampuli: Uwezo wa Maabara Wakati wa Mlipuko Wilayani Same

Mada kwa semina ya watumishi wa afya na mifugo, Same



1. Utangulizi

Tukitaja uwezo wa maabara, mara nyingi tunafikiria mashine. Zahanati zetu zimetawanyika, nyingine tambarare huko Ruvu, Hedaru na Ndungu, nyingine mlimani Chome, Mamba na Vunta. Kwa wilaya ya namna hii, uwezo huanza sampuli inapochukuliwa na hukamilika majibu yanapomfikia aliyeituma.

2. Homa iliyojificha

Mwaka 2007 hadi 2008, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi. Asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria. Ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa asilimia 1.6 tu. Miongoni mwa waliobaki walikutwa wenye homa ya mgunda, brusela, homa ya Q na homa zinazoenezwa na kupe.

Mwaka 2022, homa ya mgunda ilizuka Ruangwa, Lindi. Waliugua watu 20 na 3 kati yao wakafariki. Sisi tuna wafugaji tambarare na mashamba ya mpunga ya umwagiliaji Ndungu, hivyo magonjwa haya yanayotoka kwa wanyama na panya hayako mbali nasi. Kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha hasi, tusiishie hapo.

3. Funzo la Kagera

Mlipuko wa virusi vya Marburg ulitangazwa Kagera tarehe 21 Machi 2023: wagonjwa 9, vifo 6. Ugonjwa uliporudi Biharamulo Januari 2025, sampuli zilipimwa kwanza katika maabara tembezi ya Kabyaile mkoani humo humo, kisha zikathibitishwa Dar es Salaam. Same haihitaji maabara ya namna hiyo, kwa kuwa barabara kuu ya lami inatuunganisha na maabara za Moshi. Kikwazo chetu ni kuteremsha sampuli kutoka mlimani wakati wa masika.

4. Sampuli huharibikia wapi

Wengi huweka kila kitu kwenye barafu. Kinyesi kinachoshukiwa kipindupindu kichukuliwe kabla ya dawa, kiwekwe kwenye chombo cha Cary-Blair na kisafirishwe katika joto la kawaida. Maji ya uti wa mgongo yanayokwenda kuoteshwa yasipoozwe, kwani vimelea hufa. Damu ya kupima virusi ndiyo inayohitaji nyuzi 2 hadi 8, ndani ya vifungashio vya tabaka tatu.

5. Mapendekezo

(a) Kila zahanati ya mlimani iwe na seti ya kuchukulia sampuli, na tarehe za mwisho wa matumizi zikaguliwe kila robo mwaka.

(b) Halmashauri iingie mkataba na waendesha bodaboda waliofundishwa kubeba vifungashio vya tabaka tatu. Gharama ziwekwe kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, zisisubiri mlipuko.

(c) Majibu yote, hasi yakiwemo, yapigiwe simu zahanati iliyotuma. Mhudumu asiyepata majibu huacha kutuma.

(d) Afisa mifugo apewe taarifa siku ileile homa zisizo za kawaida zinapoongezeka, naye atoe taarifa mifugo inapotupa mimba kwa wingi.

6. Hitimisho

Mashine zilizoko Moshi na Dar es Salaam haziwezi kupima sampuli iliyooza njiani. Naomba semina hii ianze na pendekezo (b), kwa kuwa bila usafiri hayo mengine yatabaki kwenye karatasi.