Dua Isiyotaja Dini

Wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963 na jopo la watu watano akiwemo Kasisi Thomas Kalume wa Kilifi, kwa mahadhi ya bembelezi la jamii ya Wapokomo, yaani wimbo wa kumlaza mtoto, umejengwa kama dua: ubeti wa kwanza unamwelekea Mungu bila kutaja mtume wala kitabu, hivyo Mwislamu wa Malindi na Mkristo wa Kaloleni huuimba pasipo kukwazika. Itikadi, yaani fikra zinazoongoza siasa, huanzia ubeti wa pili, unaomgeukia mwananchi na kumtaka afanye bidii. Katiba ya 2010, ibara ya 8, inakataa dini ya serikali. Ibara ya 9, ajabu, inaihesabu dua hiyo kuwa alama ya taifa.