Dhamana na Siku ya Kesi



Hapa kwetu Bondeni, kijana akishtakiwa katika Mahakama ya Nakuru, mzee ndiye aombwaye kumdhamini. Katiba ya mwaka 2010 yampa mshtakiwa haki ya dhamana, ila kukiwa na sababu nzito za kumnyima. Asipofika siku ya kesi, hakimu hutoa hati akamatwe, na mdhamini huitwa ajieleze. Asiporidhisha, huweza kudaiwa fedha alizozitilia sahihi; zikikosekana, mali yake yaweza kupigwa mnada, au afungwe hata miezi 6.

Basi tusitoe hati ya shamba kwa kuoneana haya. Mdhamini mwenye shaka na aombe mahakama imwondolee dhamana mapema. Na kijana akiugua, apeleke cheti cha daktari. Akikimbia, atakayesimama mbele ya hakimu ni mzee wake.