Shamba Lionekane Ramanini

Ndugu wakazi wa Kata ya Oldeani,

Watalii huipita njia panda yetu wakielekea Lango la Loduare, na wengi hawaionji kahawa yetu. Shamba lisiloonekana katika ramani ya simu, kwao ni kama halipo.

Ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, humruhusu yeyote kuongeza mahali bila malipo. Kuanzia 2015, Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi waliichora kwayo mitaa inayofurika, katika mradi wa Ramani Huria. Nasi tuoneshe mashamba, mahali pa kuonjea kahawa, na hasa barabara zisizopitika wakati wa masika. Mgeni aliyekwama matopeni hamleti mwenzake. Ila nyumba ya mtu isiwekwe pasipo ridhaa yake. Na alama ikikosewa, irekebishwe siku hiyo hiyo.