Siku 21 za Ng'ombe: Kinachotendeka Ndani ya Ovari

Mada ya Idara ya Mifugo kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa



Mfugaji anayepitwa na joto la ng'ombe wake hungoja takribani siku 21 nyingine. Katika muda huo ng'ombe hula majani na pumba kama kawaida, ilhali ndama na maziwa yake vinazidi kusogea mbali.

Mzunguko huo huongozwa na homoni, yaani vichocheo vinavyosafiri ndani ya damu. Siku ya joto ikaribiapo, kifuko chenye yai katika ovari hukua na kutoa estrojeni. Hiyo ndiyo humfanya ng'ombe apande wenzake, asimame tuli anapopandwa, na atoe ute unaovutika kama uzi. Damu huongezeka katika ukuta wa kifuko, kisha yai hutoka takribani saa 24 hadi 30 tangu joto lianze. Ndiyo sababu anayeonekana asubuhi huhimilishwa jioni, na wa jioni huhimilishwa asubuhi ya kesho yake.

Mahali palipotoka yai huota gimba la manjano. Ni dogo, lakini hupokea damu nyingi mno kulingana na uzito wake, nalo hutoa projesteroni inayotunza mimba na kuzuia joto jipya. Mimba isipotunga, kwenye siku ya 16 au 17 hivi mji wa mimba hutoa prostaglandini. Damu iendayo kwenye gimba hupungua, gimba husinyaa, na mzunguko huanza upya. Kwa sababu hiyo, mtaalamu mwenye kipimo cha Dopla, kioneshacho mwendo wa damu, huweza kumtambua ng'ombe asiye na mimba karibu siku ya 20 baada ya uhimilishaji.

Hapo ndipo penye hatari. Sindano nyingi za kuleta joto zina prostaglandini au dawa inayofanana nayo. Ng'ombe mwenye mimba changa akichomwa, gimba husinyaa na mimba hutoka. Asiye na gimba hapati faida yoyote, na fedha ya mfugaji huwa imepotea. Basi ng'ombe asichomwe kabla ya kupimwa na mtaalamu wa mifugo.

Kila mfugaji anahimizwa kumtazama ng'ombe wake alfajiri na jioni, kuandika tarehe ya joto na ya uhimilishaji, na kuwa macho zaidi kati ya siku ya 18 na ya 24. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.